Miguu ya Marehemu

Siku dada wa utafiti alipokuja kuuliza habari za kifo cha mke wa kwanza wa fundi viatu, mke wake wa pili aliamka kabla ya watu wote, akafagia ua mara mbili, na akaazimia kutokaa chumba kimoja na maswali hayo.

Mtaani walimwita Mke Mpya. Ulikuwa mwaka wa pili sasa tangu aingie nyumba ile, na bado alikuwa mpya. Muuza mkaa alimwita hivyo, na wateja wa mumewe walimwita hivyo. Hakuwahi kukasirika mbele ya mtu. Ila akiwa peke yake alijiuliza: kiatu kilichovaliwa miaka miwili, nacho kinaitwa kipya?

Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Asubuhi ile alimimina chai ya mama mkwe polepole, jicho kwenye ukingo wa kikombe, kwa sababu juzi yake alimimina nje ya kikombe kabisa na chai ikatiririka mezani mpaka kwenye magoti ya mumewe. Mumewe hakusema kitu. Alifuta suruali kwa kitambaa cha gundi, akarudi kibandani kwake kushona.

"Utakaa na sisi sebuleni," mama mkwe aliuliza, "au utakwenda kwa jirani?"

"Nina nguo za kufua, mama."

"Nguo ulifua jana."

"Basi nitazikunja."

Mama mkwe alimtazama usoni kwa muda. "Umevimba macho. Umelia?"

"Nimelala sana, mama. Na kichwa kinaniuma kidogo."

Alilijutia neno hilo kabla halijamaliza kutoka.

"Najua," mama mkwe alisema, bila ukali wowote. "Kichwa chako kina kalenda. Kila akitajwa marehemu, chenyewe kinauma."

Jambo hilo Mke Mpya alikuwa amelitengeneza kwa mikono yake. Mimba ikiwa ya miezi minne, mumewe alibeba ndoo ya chokaa kwenda kupaka kaburi. Yeye akashika tumbo, akalia mpaka ndoo ikawekwa chini. Saa moja baadaye mama mkwe alimkuta uani anapepeta mchele huku akiimba. Tangu siku hiyo kila maumivu yake yaliingia nyumba ile kama mgeni aliyewahi kuiba kijiko.

Kliniki nako alikuwa ameacha kwenda. Mara ya tatu aliyokwenda, muuguzi wa mezani alisoma kadi, akainua uso. "Kumbe ni kwa fundi viatu. Maskini, yule mwenzako alikuwa mchangamfu, akiingia hapa wote tunacheka. Na wewe ujitahidi." Alipimwa uzito, akatoka. Nyumbani alisema wamemwambia yuko sawa, arudi wakati wa kujifungua tu. Lilikuwa jambo rahisi kusema, na hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Alivaa ndala za mumewe akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

*

Dada wa utafiti alikuwa mwanamke mwembamba mwenye begi mgongoni na ubao wa kuandikia kifuani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Fundi, ambaye hakuweza kujizuia, alivitupia jicho vile viatu na kuona kisigino kimoja kimelika upande.

"Utafiti wetu unafuatilia vifo vya kina mama waliokuwa wajawazito au wamejifungua," alieleza. "Familia inatusimulia, madaktari wanasoma, wanatafuta chanzo. Hatutafuti wa kulaumiwa. Mkichoka, tunapumzika. Mkikataa swali, tunaliruka."

Aliweka miche miwili ya sabuni mezani. "Na hii ni shukrani kwa muda wenu."

Chumbani, nyuma ya pazia, Mke Mpya aliusikia mgongano mdogo wa sabuni na meza. Hata akiwa kaburini, aliwaza, analeta sabuni. Mimi niliye hai sijaleta hata kiberiti.

"Nitasoma kila swali kama lilivyoandikwa," dada wa utafiti aliendelea. "Hata likikushangaza, siruhusiwi kulibadilisha. Marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke?"

Fundi alimkodolea macho. "Dada, alikuwa mke wangu."

"Ni lazima niulize."

"Andika mwanamke," mama mkwe alisema. "Na huyu aliyekaa hapa andika ni mwanamume, wasije wakachanganya huko mbele."

Wakacheka kidogo wote watatu, na kicheko hicho kilimchoma Mke Mpya kuliko ambavyo kilio kingemchoma.

"Sasa nieleze kwa maneno yako mwenyewe ilivyokuwa, tangu alipoanza kuugua mpaka mwisho. Sitakukatiza."

Basi fundi akaeleza. Mtu ambaye kwa siku nzima alimpa mkewe maneno yasiyozidi kumi na tano, na matatu kati ya hayo yakiwa "chai iko wapi", alizungumza kama aliyefunguliwa kizuizi. Alikumbuka kwamba uchungu ulianza asubuhi, mteja mmoja akiwa amesimama kibandani anadai raba yake. Alikumbuka gauni la manjano lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Alikumbuka alivyotafuta gari kwa watu wanne, na maneno ambayo kila mmoja alimjibu. Mtoto alitoka hana pumzi. Kisha damu ikatoka, ikatoka, haikusimama, na mkunga akaomba nguo nyingine, na nyingine, mpaka wakatumia pazia la mlango.

Mke Mpya alilitazama pazia lililokuwa mbele yake. Siku alipoolewa alilikuta jipya kabisa, na alidhani limetundikwa kwa ajili yake.

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Kichwa kiligonga kwa nyuma, karibu na shingo, na vimulimuli vidogo vilipita mbele ya macho yake ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Alivipungia mkono kama mbu. Hakumwonea huruma marehemu. Alijaribu, huruma ikakataa kuja. Alichowaza ni kifungo kile kisichofanana na vingine. Yeye mwenyewe angeweza kuvaa gauni lisilo na kifungo hata kimoja, na mume yule asingejua.

Kibandani, juu ya meza ya kazi, ulikuwapo msumari mmoja, na kwenye msumari huo kilitundikwa kipande cha boksi chenye mchoro wa nyayo mbili. Fundi alizichora kwa penseli alipomshonea marehemu viatu vya arusi. Mke Mpya yeye alinunuliwa viatu dukani. "Mguu wako ni wa kawaida," mumewe alimwambia siku hiyo, hana hili wala lile, "namba thelathini na nane zimejaa kila mahali." Siku moja nyumba ilipokuwa tupu, alikishusha kile kigezo akakikanyaga. Mguu wake ulimwagika nje ya mstari pande zote. Akakirudisha msumarini, na tangu hapo hakukitazama tena, ila alijua kipo, kama mtu anavyojua jino bovu lilipo.

"Ahsante," dada wa utafiti alisema. "Sasa haya ni ya ndiyo, hapana, au sijui. Kabla ya kujifungua, marehemu alikuwa na homa?"

"Hapana."

"Alikohoa?"

"Hapana."

"Katika miezi mitatu ya mwisho, alivimba miguu?"

"Ndiyo," fundi alisema haraka. "Alivimba sana. Viatu vyote vilimkataa, akawa anavaa ndala zangu. Jioni ukiangalia kwenye kifundo, utadhani hana mfupa. Soksi ikivuliwa inaacha mfereji."

Kalamu ilisikika ikiandika. Nyuma ya pazia Mke Mpya alisikia kila neno. Kwa hiyo hata hili. Hata kuvimba, yule alitangulia, na akatazamwa kila jioni, kifundo kwa kifundo, wakati yeye alijikongoja nyumba nzima wiki tatu bila mtu kumwambia pole.

"Alivimba uso?"

"Asubuhi. Jicho la kushoto zaidi ya la kulia."

"Aliona ukungu, au kama cheche mbele ya macho?"

"Nafikiri ndiyo. Alikuwa anapunga mkono hewani, kama anafukuza kitu. Na mlango aliugonga kwa bega. Chai aliimwaga nje ya kikombe."

Mke Mpya aliinamisha kichwa. Akazitazama ndala zilizokuwa miguuni mwake, zile za kamba za buluu, ambazo alimnunulia mumewe kwa mchuuzi miezi mitatu iliyopita kwa sababu zile za zamani mume alizitoboa kwa moto wa sigara. Akatazama mkono wake wa kulia, ule uliotoka kufukuza vimulimuli.

Sebuleni mama mkwe alikohoa kidogo, kama mtu anayeomba nafasi ya kupita.

"Mwanangu," alisema, "yule hakuvimba."

"Alivimba, mama."

"Nilimwosha mimi. Miguu yake mpaka anafungwa sanda ilikuwa midogo kama ya mtoto wa shule. Yule aliondoka na damu, kama ulivyoeleza mwenyewe sasa hivi. Chai imemwagwa juzi. Aliyevaa ndala zako ni huyu wa ndani."

Nje mtu alipita akiburuta kitu cha bati. Dada wa utafiti aliishusha kalamu. Alipiga mstari mmoja juu ya kila jibu kati ya yale matatu, akaweka sahihi yake pembeni.

"Haturuhusiwi kufuta," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba bado yuko kazini. "Jibu la kwanza libaki likisomeka." Kisha akaweka ubao sakafuni. "Mama aliye ndani, naomba utoke nikuone."

"Mimi ni mzima," Mke Mpya alijibu.

"Kichwa kinakuuma?"

"Hapana."

"Kinamuuma," mama mkwe alisema. "Aliniambia leo asubuhi." Akasita. "Nikamjibu vibaya."

"Chini ya mbavu, upande wa kulia, kunauma?"

Kulikuwa kunauma tangu juzi. Lakini maswali yale yalitoka kwenye karatasi ya marehemu, yakasomwa kwa ajili ya marehemu, na Mke Mpya aliona kwamba akiitikia atakuwa amepokea baki la mwenzake, kama alivyolalia kitanda cha mwenzake na kulifurahia pazia lililoziba nafasi ya jingine. Afadhali afe na ugonjwa wake peke yake. Aliwaza hivyo kweli, kwa utulivu kabisa, kwa muda wa kumeza mate mara mbili.

Kisha akainuka na kulisukuma pazia. Hakumtazama dada wa utafiti. Alimtazama mumewe.

"Ulikuwa unaniangalia?"

Fundi alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili. "Naona miguu," alisema. "Kazi yangu ni miguu."

"Uliona ukanyamaza?"

"Niliona." Alizitazama ndala zilizokuwa miguuni mwa mkewe. "Nikadhani nakumbuka."

*

Gari la utafiti lilikuwa limeegeshwa chini ya ukuta, na dereva alikuwa anakula karanga.

"Dada, unajua utaratibu," alisema alipoona tumbo la Mke Mpya. "Hili halibebi wagonjwa. Nikiulizwa kwenye daftari la safari, naandika nini?"

"Andika nimebeba madodoso."

"Na huyu?"

"Huyu ameyapakata."

Dereva alitafuna karanga aliyokuwa nayo mdomoni, akafungua mlango wa nyuma. Ikawa hivyo. Mke Mpya alisafiri na rundo la karatasi mapajani, na ya juu kabisa ilikuwa ya marehemu. Mama mkwe alikaa kulia kwake, akimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Fundi alikaa mbele. Katika haraka ya kutoka alikuwa amevaa kiatu kimoja cha mteja na kimoja cha kwake.

"Kwa nini hukusema kliniki uliacha?" mama mkwe aliuliza, maana njiani yote yalitoka.

"Walimsifia, mama."

"Nani?"

"Marehemu. Kwamba walikuwa wanacheka naye."

Mama mkwe alitazama nje ya dirisha. "Alikuwa na mzaha kweli," alisema. "Na alikuwa mvivu wa kuosha sufuria, na akiazima kitu harudishi. Mpaka leo jirani ananidai ungo." Akamfinya kidole. "Hakuna anayekumbuka hilo, kwa sababu amekufa. Wewe usitafute kusifiwa kwa njia hiyo."

Hospitalini, muuguzi alimfunga mkanda wa presha mkononi, akasoma, akaufungua, akaufunga tena mkono wa pili. "Mia na themanini juu, mia na ishirini chini," alimwambia mwenzake, na mwenzake akaondoka kwa mwendo ambao haukuwa kukimbia lakini ulikaribia.

"Ungelala nyumbani leo," muuguzi alisema, "degedege ingekukuta kitandani. Hiki ni kifafa cha mimba kinabisha hodi. Nani alikutambua?"

Mke Mpya alifikiri. "Mume wangu," alisema, "ila kwa makosa."

Muuguzi hakuwa na muda wa kuuliza maana yake. Alivuta fomu. "Mimba ya ngapi?"

"Ya pili," fundi alijibu.

"Ya kwanza," Mke Mpya alisema. "Ya pili ni kwake yeye. Andika ya kwanza."

Muuguzi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaandika. Fundi aliinamisha uso akaona viatu vyake visivyofanana, na hapo ndipo alipoanza kulia, bila sauti, kama mtu anayetokwa jasho. Mke Mpya alimtazama kwa makini. Alitaka kujua machozi yale ni ya nani. Alitaka kuuliza kabisa, lakini walimchoma sindano ya kwanza pajani, nzito, yenye moto, na maneno yakamponyoka.

Walimpasua jioni ile ile. Mtoto alikuwa wa kike, kilo moja na robo tatu, na alilia. Hilo la kulia mama mkwe aliwauliza wauguzi watatu tofauti, mmoja baada ya mwingine, na wote walisema ndiyo, alilia.

*

Siku ya nne dada wa utafiti alipita wodini. Hakukaa. Alisema ameshawasilisha dodoso, na msimamizi amemuuliza kwa nini majibu matatu yana mstari na sahihi.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia mjibuji alitoa habari za mtu mwingine, aliye hai." Akasimama kidogo. "Akaniambia kosa kama hilo hajawahi kuliona."

"Lakini bado yanasomeka?"

"Yanasomeka."

Mke Mpya aliitikia kwa kichwa. Alipobaki peke yake aliwaza kwamba katika kabati fulani, ndani ya faili la mwanamke asiyemjua, ndala zake za buluu zitakaa miaka yote na mstari mmoja juu yake. Jambo hilo lilimuudhi. Kisha, bila kutaka, lilimchekesha, na mshono ukamuuma.

Fundi alikuja alasiri na chupa ya uji. Alikuwa amevaa viatu viwili vya namna moja. Alimimina uji kikombeni, akasubiri upoe, akaketi. Chini ya kwapa alikuwa na kipande cha boksi kilichokatwa vizuri, na penseli imebanwa sikioni.

"Nini hicho?"

"Nilitaka nichukue kipimo," alisema. Akafunua shuka upande wa miguu, akatazama, akarudisha shuka. "Bado imejaa. Nitasubiri ishuke. Hii si miguu yako."

"Ni ya nani?"

Fundi alinyoosha shuka.

"Nakuuliza. Ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi chora hivi hivi."

"Kiatu kitakuja kukupwaya."

"Usishone kiatu. Viatu vya dukani ninavyo, namba thelathini na nane. Chora tu, ukae nacho, ili siku wakija tena kukuuliza usichanganye."

Alikaa muda mrefu kidogo akiizungusha penseli. Mwanamke wa kitanda cha pili alijitia hamnazo, akavuta nguo mpaka kidevuni, masikio nje.

"Pale kibandani msumari uko mmoja," fundi alisema mwishowe.

"Fundi mzima unakosa msumari? Gonga mwingine. Na usigonge chini yake. Gonga pembeni, usawa mmoja."

Mke Mpya aliteremsha miguu kitandani. Fundi alipiga magoti sakafuni, akaweka boksi chini ya unyayo wa kulia wa mkewe, akaanza kwenye kisigino. Penseli ilipanda polepole upande wa nje, ikazunguka kidole kidogo, ikaingia na kutoka kati ya vidole vilivyovimba, kimoja baada ya kingine. Ilitekenya, lakini Mke Mpya hakuuvuta mguu. Alikuwa ameinama mbele kadiri mshono ulivyomruhusu, haangalii mchoro, anaangalia mkono unaochora kama unatetemeka.

Ulikuwa unatetemeka. Akajiegemeza kwenye mto, akaupokea uji.